Sertralini, propranololi na diazepamu: tathmini ya miezi kumi na sita mwilini mwangu

Kabla sijasema dawa hizi tatu zilinifanyia nini dhidi ya mashambulizi ya hofu, yafaa nieleze zilinikuta katika hali gani, kwa sababu anayesifu au kulaumu dawa bila kueleza ugonjwa wake hamsaidii mgonjwa mwenziwe. Mimi ni karani wa mahesabu katika chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu, na hadi nilipofikisha umri wa miaka thelathini na minane sikuwahi kulazwa hospitalini hata usiku mmoja. Siku ya kwanza nilikuwa ndani ya matatu nikitoka Awasi kurudi mjini, na tulikuwa tumekaribia Ahero, pale mashamba ya mpunga yanapoanza kuonekana, wakati moyo ulipoanza kwenda mbio bila sababu yoyote niliyoweza kuitaja. Vidole vya mikono yote miwili vilikufa ganzi, midomo ikachomachoma kana kwamba nimeipaka pilipili, kifua kikabana, koo likawa kama limeshikwa, tumbo likavurugika, na jasho likanilowesha shati hadi kiunoni. Nilimwomba makanga asimamishe gari, nikashuka nikaketi kando ya barabara nikisubiri kufa. Baada ya kama robo saa mwili ulitulia, nikabaki mchovu kama mtu aliyelima kutwa. Dalili hizo ndizo nilizozitumia baadaye kama mizani ya kupimia kila kidonge nilichomeza.

Mambo hayo yalijirudia mara nyingi katika miezi minne iliyofuata, nikiwa benki, kanisani, na mara mbili nikiwa usingizini. Nilitibiwa malaria mara mbili bila damu yangu kupimwa, nikaambiwa nina presha ilhali kipimo kilichukuliwa nikiwa katikati ya tukio lenyewe, na shangazi yangu, ambaye nampenda na kumheshimu, akashikilia kwamba hizo ni juogi, yaani pepo kwa Kijaluo, zinazotaka kitu kutoka kwangu. Hatimaye daktari mmoja alinipima wingi wa damu, homoni za tezi ya thairoidi na umeme wa moyo, na vipimo vyote vilipotoka salama akanituma kwa daktari wa magonjwa ya akili. Hatua hiyo ya vipimo isirukwe na mtu yeyote, kwa maana tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, au damu ikipungua, moyo huweza kudunda vivyo hivyo, na maumivu mapya ya kifua ni ya kuchunguzwa hospitalini, hata kama anayeyapata anajijua kuwa mtu wa hofu.

Kwa daktari huyo wa pili ndipo nilipolisikia jina la ugonjwa wangu: ugonjwa wa mashambulizi ya hofu. Alinieleza kwamba wataalamu wanahesabu dalili 13, nyingi zikiwa za mwili, na kwamba shambulio ni pale dalili nne au zaidi zinapopanda ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache. Alinieleza pia jambo ambalo lilinifaa kuliko kidonge cha kwanza. Mtu akishtuka huvuta pumzi nyingi kuliko mwili unavyohitaji, hewa ukaa katika damu hupungua, damu ikapoteza sehemu ya asidi yake, na madini ya kalisi yanayotuliza neva yakawa haba kwa muda mfupi. Hapo ndipo vidole na midomo inapokufa ganzi. Kifua nacho hubana kwa sababu misuli ya katikati ya mbavu imefanyishwa kazi kupita kiasi. Nilitoka pale nikijua kwamba vidole vyangu havikuwa vikifa, bali vilikuwa vikilalamikia pumzi.

Naanza na diazepamu, kwa sababu niliitumia kabla hata ya kumwona daktari huyo, na hilo lilikuwa kosa langu na la aliyeniuzia. Niliingia kwenye kemisti moja mjini, nikaeleza kwamba silali, na kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta akanihesabia vidonge ndani ya bahasha ya kaki bila kuniuliza karatasi ya daktari, akisema, “Kaka, hii itakutuliza tu.” Ni kweli ilinituliza. Dawa hii, iliyoingia sokoni mwaka wa 1963 kwa jina la Valium, huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayopunguza kasi ya neva, na pia hulegeza misuli, kwa hiyo shingo na kifua changu vililegea kabla ya saa moja kwisha. Lakini zingatia hesabu hii. Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi na kuanza kushuka lenyewe, ilhali kidonge kinahitaji nusu saa au zaidi kabla hakijafanya kazi. Mara nyingi basi dawa ilifika kama zimamoto anayeikuta nyumba imeshazimika, nami nikaipa sifa ya kuzima moto ambao ulikuwa umejizima.

Gharama ilikuja kesho yake. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu sana, siku kadhaa, na katika wiki ya pili niliingiza malipo ya mwanachama mmoja katika akaunti ya mwingine mara mbili kwa siku moja, kosa ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka tisa. Katika wiki ya tatu kidonge kimoja hakikutosha. Nilipoamua kuacha kwa ghafla, moyo ulirudi kudunda kwa ukali kuliko mwanzo na mikono ikatetemeka hata nikiwa nimeketi nyumbani, na ilibidi daktari anipunguzie dozi taratibu kwa wiki kadhaa. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza unaelekeza kwamba dawa za jamii hii zisitumiwe kutibu ugonjwa huu, ingawa Marekani iliidhinisha ndugu yake, alprazolamu, kwa ajili hiyo hiyo mwaka wa 1990. Zina nafasi yao mikononi mwa daktari na kwa siku chache, lakini mimi siwezi kumshauri mtu ainunue ndani ya bahasha ya kaki. Naipa nyota moja na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya shingo.

Propranololi niliandikiwa na daktari kama dawa ya kusaidia wakati ile kubwa, sertralini, haijaanza kufanya kazi. Ilivumbuliwa na James Black, Mskoti, katika miaka ya 1960 kwa ajili ya wagonjwa wa moyo wanaopata maumivu ya kifua, na kazi hiyo ni mojawapo ya zilizompatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza: adrenalini, homoni ya mshtuko, inapofika kwenye moyo hukuta vipokezi vimeshakaliwa, ikakosa mahali pa kuketi. Kwa upande wa moyo sina lalamiko lolote. Kabla ya dawa, mapigo niliyohesabu kwenye kifundo cha mkono wakati wa shambulio yalikuwa yakizidi 120 kwa dakika. Baada ya dawa hayakuvuka 90. Mkono wangu uliacha kutetemeka, na kwa mtu ambaye sahihi yake hulinganishwa na ile iliyoko benki, hilo si jambo dogo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba shambulio lenyewe liliendelea kuja. Jioni moja nikiwa kwenye foleni, koo lilishikwa, vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka, hofu ya kifo ikanijaa, lakini moyo ukabaki ukitembea kwa adabu zake kana kwamba mambo hayo hayauhusu. Lilikuwa shambulio lisilo na ngoma. Nilipomweleza daktari alicheka kidogo, kisha akanifafanulia kwamba tezi za jasho hupokea amri kwa kemikali nyingine, asetilikolini, ambayo propranololi haiigusi, na ganzi ya vidole inatokana na pumzi wala si moyo. Ndiyo maana pia wagonjwa wa kisukari huonywa: sukari ikishuka, dawa hii huficha mapigo ya moyo ambayo yangewatahadharisha, na mara nyingi jasho ndilo hubaki kuwa ishara. Kwa mwenye pumu onyo ni kali zaidi, kwa sababu dawa inaweza kubana njia za hewa, na yeye hafai kuimeza kabisa. Mimi iliniachia mikono ya baridi, jambo la ajabu katika joto la Kisumu la mwezi wa Februari, na miguu mizito nilipopanda ngazi za ofisini. Kama unachokihofia ni kusimama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka usome taarifa ya fedha, ningeipa nyota nne. Kwa ugonjwa huu mzima naipa mbili na nusu, kwa kuwa hunyamazisha kilicho na sauti kubwa na kuacha mengine yote mahali pake.

Sertralini ndiyo dawa yenyewe, na ndiyo iliyokaribia kunishinda. Iko katika jamii ya dawa zinazozuia serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya neva, kufyonzwa tena na neva zilizoitoa. Marekani iliiidhinisha kutibu ugonjwa wa huzuni kubwa, yaani sonona, mwaka wa 1991 na mashambulizi ya hofu mwaka wa 1997, na jina lake la kibiashara huko ni Zoloft. Daktari alinianzishia miligramu 25 kwa wiki moja, nusu ya dozi ambayo mtu mwenye huzuni kubwa huanza nayo, akaniambia waziwazi kwamba siku za kwanza mwili ungeweza kuchafuka zaidi. Nilimsikia, lakini kusikia ni jambo moja na kuamka saa tisa za usiku ukiwa na kichefuchefu, tumbo la kuendesha, taya zilizokazwa na moyo unaopapa ni jambo jingine. Siku ya nne nilikishika kidonge juu ya sinki la jikoni kwa muda mrefu. Mke wangu, ambaye alikuwa ameandika maneno ya daktari kwenye kalenda ya ukutani, alinionyesha tarehe aliyoizungushia wino mwekundu, siku kumi mbele, akasema tungeamua siku hiyo, si leo.

Baadaye nilielewa kwa nini tumbo ndilo lililopigwa kwanza. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, takribani asilimia 90, haiko kichwani bali iko kwenye utumbo, kwa hiyo kidonge kinapoingia, utumbo hupata habari kabla ya hofu. Kumeza dawa baada ya uji wa asubuhi badala ya usiku kulinisaidia sana, na kufikia mwisho wa wiki ya pili, nikiwa nimepandishwa hadi miligramu 50, kichefuchefu kilikuwa kimekwisha. Kama kuna jambo moja ambalo wauzaji wa dawa hii wangelibandika kwenye pakiti kwa herufi kubwa, liwe hili la wiki mbili za kwanza, maana nina hakika wengi huiacha wakiwa wamelipa gharama yote na hawajapokea bidhaa.

Kwa kuwa kazi yangu ni vitabu vya hesabu, niliyaandika mashambulizi kwenye daftari kama miamala. Mwezi wa kabla ya dawa yalikuwa 11. Mwezi wa kwanza yalikuwa tisa, ambayo si mafanikio ya kupigia vigelegele. Mwezi wa pili manne, wa tatu moja, na wa nne hakuna. Lakini jumla hizo zinaficha jambo lililonivutia zaidi, nalo ni kwamba dalili hazikuondoka pamoja kama abiria wanaoshuka stendi moja. Mashambulizi ya usingizini yalikatika kwanza, karibu na wiki ya tatu. Kisha yale ya mchana yakawa madogo: ganzi ya vidole ilipotea, koo likafunguka, na kifua kikaacha kubana hata pale moyo ulipojaribu kuanza. Moyo wenyewe ulitulia karibu na wiki ya saba, wakati huo propranololi ikiwa imeshaachwa, kwa hiyo sifa hiyo ni ya sertralini peke yake. Kizunguzungu kilichelewa hadi mwezi wa nne.

Jasho halikuondoka. Kwa kweli liliongezeka, hasa usiku, na shuka zetu ni mashahidi, kwa sababu dawa yenyewe huwafanya baadhi ya watu watoke jasho. Kuna na mambo ya chumbani, ambayo wanaume wa rika langu hawayasemi: dawa hii inaweza kuchelewesha au kuzima kilele, nami ilinichelewesha kwa miezi mingi. Nilimweleza daktari, ikawa rahisi kuliko nilivyodhani. Atakayeandikiwa amweleze pia mtoa dawa anatumia dawa gani za maumivu, kwa kuwa ibuprofeni ikichanganywa na sertralini huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni, na tramadoli huweza kuipandisha serotonini kupita kiasi. Vijana walio chini ya miaka 25 wanahitaji kuangaliwa kwa karibu wiki za mwanzo, kwa maana katika umri huo dawa za jamii hii zinaweza kuamsha mawazo ya kujidhuru.

Upatikanaji wake hapa mjini ni wa kutegemea bahati. Jeneriki, yaani dawa ileile isiyo na jina la kibiashara, inapatikana kwa bei ndogo kuliko ile yenye jina kubwa, na mimi sikuona tofauti yoyote mwilini nilipobadilisha kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Tatizo ni kwamba si kila kemisti huiweka. Mwezi wa saba duka nililolizoea liliishiwa, nikaahidiwa kwamba mzigo ungefika “kesho” kwa siku tatu mfululizo, nami kwa uvivu sikutembea hadi duka la pili. Sertralini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya siku moja hivi, kwa hiyo kufikia jioni ya siku ya tatu nilikuwa na kizunguzungu, hasira zisizo na mwenyewe, na kitu kama radi ndogo iliyopita ndani ya kichwa kila nilipogeuza macho kwa haraka. Si kwamba mtu amekuwa mlevi wa dawa kama ilivyo kwa diazepamu. Ni mwili kunyang'anywa ghafla kitu uliochukua wiki kadhaa kukizoea. Tangu hapo hununua pakiti mpya nikiwa nimebakiwa na vidonge kumi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo dawa hii haikulifanya, na ambalo karibu linifanye niikosee haki katika tathmini hii. Mwezi wa nne, daftari likiwa tupu, bado sikuwa nimepanda matatu ya kwenda Ahero. Nilikuwa nikitembea au nikipanda boda, na safari za nje ya mji nilimtuma mwenzangu kwa visingizio vya kazi. Nilikwenda kwa daktari nikilalamika kwamba dawa imefeli. Aliniuliza shambulio la mwisho lilikuwa lini, nikajibu ni zaidi ya mwezi, akaniuliza tena kwa utulivu nini basi kilichofeli.

Ndipo aliponisimulia kuhusu Donald Klein, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika Hillside Hospital, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa na wagonjwa waliokuwa wakikimbilia meza ya wauguzi mara kadhaa kwa siku wakisema wanakufa. Aliwapa imipramini, dawa ya zamani kuliko sertralini, na wiki chache baadaye wagonjwa wenyewe walisisitiza kwamba hawajapata nafuu, wauguzi nao wakashangaa kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwakimbilia tena. Dawa ilikuwa imeyakata mashambulizi, lakini hofu ya kungoja shambulio ilikuwa imebaki palepale. Klein aliandika mwaka wa 1964 kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti, na mwaka wa 1980 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani ukautambua ugonjwa huu kwa jina lake wenyewe. Nilijiona katika wagonjwa wale kana kwamba nimepigwa picha nao.

Sehemu iliyobaki ilifanywa na muuguzi wa afya ya akili katika kliniki hiyo hiyo, mama mmoja mpole asiyekubali visingizio. Alinipangia safari kama mkufunzi wa riadha: matatu kutoka Kondele hadi Mamboleo, kushuka, kurudi, wiki iliyofuata hadi Ahero, bila chupa ya maji, bila kuketi karibu na mlango, na bila propranololi mfukoni. Alinifanya pia nikimbie papo hapo ofisini mwake hadi moyo udunde, ili nizoee kwamba moyo unaodunda ni moyo unaodunda tu. Nakiri kwamba mwanzoni niliona haya. Kliniki yenyewe naipa nyota nne. Ile moja naipunguza kwa sababu ya foleni ya asubuhi, ambapo watu wanaohofia kukwama mahali hukwamishwa kwenye benchi kwa saa tatu, na sidhani kama aliyepanga hivyo aliwahi kuketi pale.

Sertralini naipa nyota nne. Niko kwenye mwezi wa kumi na sita, bado kwenye miligramu 50, na tumekubaliana na daktari kwamba kupunguza kutaanza mwakani, kwa hatua ndogo za wiki nyingi, kwa sababu anayeacha mapema yuko katika hatari kubwa ya kurudiwa. Mwezi uliopita nilitumwa kukagua vitabu vya chama kimoja ng'ambo, nikavuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, chombo ambacho mtu hawezi kumwomba makanga akisimamishe. Katikati ya maji nilishika kifundo cha mkono kwa mazoea, nikahesabu mapigo 76. Viganja vilikuwa vimelowa, na tiketi ilikuwa imeshaanza kuchanika kwa jasho.